Matairi ya gari dogo Malindi: mwongozo kamili wa kununua kwa bei nafuu bila kurudi dukani baada ya miezi mitatu

Watu watatu wamenijia mwezi huu na kilio kimoja. Mmoja ana Vitz, wa pili Demio, wa tatu Passo aliyoinunua kwa shemejiye. Wote walinunua matairi "safi kutoka Japani" kwa bei ya kuchekea, na wote wameyamaliza hata vuli haijafika. Nikawauliza swali moja tu: tairi lenyewe lilitengenezwa lini? Wakanitazama kama nimewauliza tarehe ya kuzaliwa ya mbuzi.

Mimi siuzi matairi. Nina gari dogo la kazi linalokwenda Watamu, Mambrui na mara moja kwa wiki Marafa, na mengi ya makosa yaliyomo humu niliyalipia mimi kwanza. Nilichojifunza ni kwamba ukitoa pesa pale dukani hununui duara jeusi. Unanunua milimita za meno na miaka ya mpira iliyobaki. Tairi la bei ya chini lisilo na milimita wala miaka ni ghali kuliko jipya, na hesabu yake iko hatua ya 5.

(Mwenzetu wa kisiwani Lamu, punda wako hahitaji haya. Lakini nyinyi wa Mokowe, Hindi na Mpeketoni mnaokuja Malindi kununua, yasomeni vizuri, maana nyinyi kurudisha tairi bovu ni safari.)

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kipima upepo chako mwenyewe. Kidogo cha mkononi kinatosha. Vile vya vituo vya mafuta hugongwa na kuangushwa kutwa, na viwili vilivyo jirani huweza kukupa majibu mawili.
- Kipima meno, au kijiti cha kiberiti na rula ya mtoto wa shule. Unachomeka kijiti ndani ya mfereji wa tairi, unaweka alama kwa ukucha, unapima kwa rula.
- Tochi. Ya simu inafaa.
- Kitambaa na chupa ya maji. Matairi ya mtumba hupakwa polishi nyeusi mpaka yang'ae kama viatu vya bwana harusi. Chini ya polishi ndiko kuna nyufa.
- Chaki ya kutia alama kwenye tairi ulilochagua, lisije likabadilishwa wakati unahesabu pesa.
- Jeki na spana ya nati ya gari lako, ujue kama vinafanya kazi.
- Daftari. Utaandika namba nyingi, na kichwa hakizishiki.

## Hatua ya 1: Soma mlango wa gari, usisome tairi kuukuu

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo au ukingoni mwa mlango pana stika yenye saizi ya matairi na kiasi cha upepo. Nakili yote.

Kwa nini usinakili kutoka kwenye tairi lililopo? Kwa sababu magari yetu mengi yamepitia mikono, na aliyekuwa nalo kabla yako huenda alifunga alichokipata siku hiyo. Ukinakili tairi lake unarithi kosa lake.

Tuseme stika inasema 165/70R14 na tairi linaongeza 81S. Hiyo 165 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana. R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, karibu kila gari dogo la leo ni R, usijisumbue nayo. 14 ni inchi za rimu. 81 ni namba ya uzito: tairi moja linabeba kilo 462. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa.

Namba ya uzito isishuke kamwe chini ya ile ya gari lako. Kupanda hakuna ubaya.

Saizi yako ikikosekana mjini, ziko zinazokaribiana. 175/65R14 inakaribia kulingana kabisa na 165/70R14: ukipima duara zima toka chini hadi juu, tofauti ni milimita tatu na nusu, na huingia kwenye rimu ileile. Lakini kijana wa dukani atakuletea 185/70R14 na kukwambia, "Hili litakuinulia gari, mzee, mashimo utayaruka." Hilo limezidi kwa milimita 28, karibu asilimia 5. Utakata kona na abiria watatu nyuma, utasikia linakwaruza bodi. Na saa ya mwendo itakuambia 80 nawe unakwenda karibu 84.

Ukimaliza hatua hii, daftarini pana mstari mmoja wa saizi, mmoja wa upepo, na saizi moja ya akiba. Basi.

## Hatua ya 2: Lichunguze tairi kuukuu, limekufa kwa nini?

Watu huiruka hatua hii, na ndiyo inayowarudisha dukani. Tairi likiisha vibaya kuna kitu kwenye gari kilicholila, na kitu hicho kitalila jipya kwa hamu ileile.

Inama, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka ndani kuja nje, kisha angalia:

- Limeisha kingo zote mbili na katikati bado kuna meno: ulikuwa ukitembea na upepo mdogo.
- Limeisha katikati peke yake: upepo ulizidi.
- Limeisha ukingo mmoja, hasa wa ndani: alaimenti (mnyooko wa magurudumu) imepotea, au boljointi na bushi, yaani viungo vinavyoshika gurudumu, zimechoka.
- Lina mabonde mabonde kama barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi: shoki zimekufa, au balansi (uzito wa gurudumu kulingana pande zote) haipo.

Ukingo wa ndani hauonekani gari likiwa limesimama sawa. Kata usukani wote upande mmoja, uchungulie kwa tochi. Ile Demio niliyoitaja ilikuwa na matairi ya mbele yanayopendeza kwa nje. Tulipokata usukani, upande wa ndani waya zilikuwa zimechomoza kama ndevu za kambare.

Onyo: tengeneza kilicholila tairi kabla ya kununua tairi. Kama pesa zinatosha kimoja, na matairi kuukuu hayajatoa waya wala kufika kipara, anza na bushi. Najua inauma kutoa pesa kwa kitu kisichoonekana.

## Hatua ya 3: Amua idadi

Manne kwa pamoja ndiyo raha. Wengi wetu tuna pesa za mawili. Basi nunua mawili yanayofanana saizi, jina na mchoro wa meno, uyafunge kwenye ekseli moja.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi: mapya yaende nyuma. Fundi atakwambia mbele, kwa sababu injini iko mbele na usukani uko mbele. Lakini fikiria barabara ya Mombasa mwezi wa Mei, maji yametanda. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linakwenda moja kwa moja. Unaachia mafuta polepole, linarudi mkononi. Ya nyuma yakiteleza, mkia unakuja mbele, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Makampuni makubwa ya matairi yenyewe yanashauri mapya nyuma. Yale ya nyuma yaliyokuwa na meno bado, yahamishie mbele.

Moja peke yake nunua tu kama mwenzake ni karibu jipya.

## Hatua ya 4: Kusanya bei tatu, zote zenye kila kitu ndani

Ziwe mbili za Malindi na moja ya Mombasa. Mombasa kuna bandari na wauzaji ni wengi, kwa hiyo bei mara nyingi hushuka, lakini ni kilomita kama 120, na tairi likija kwa basi linalipiwa mzigo. Ongeza hiyo nauli, kisha linganisha.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Bei ya mwisho ngapi, bwana?"

"Kwako wewe, ami, elfu sita."

"Na kufunga, balansi na valvu mpya vimo?"

Kimya. Halafu: "Hivyo mbali kidogo."

Uliza "hivyo mbali kidogo" ni ngapi kwa kila tairi, uandike. Duka la elfu sita na kila kitu ndani linaweza kuwa rahisi kuliko la elfu tano na mia tano linalokutoza kwa kila spana inayoguswa.

Anayeuza kwa simu mwambie akutumie picha mbili za WhatsApp: moja ya saizi, moja ya zile tarakimu nne za tarehe nitakazokueleza hatua ya 6. Akisema picha hazihitajiki, ni tairi jipya, mshukuru ukate simu. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limekaa stoo miaka sita.

## Hatua ya 5: Jipya au mtumba? Piga hesabu kwa milimita

Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya karibu milimita 8. Ndani ya mifereji mikuu kuna vivimbe vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha, hata kama linaonekana lina meno. Kwa hiyo jipya lina milimita 6.4 za kutumia.

Sasa chukua bei za mfano. Jipya ni shilingi 6,000. Gawanya kwa 6.4, unapata kama shilingi 940 kwa kila milimita.

La mtumba ni shilingi 3,000, na kijiti chako kinasema meno yana milimita 4. Toa 1.6, unabaki na 2.4. Gawanya 3,000 kwa 2.4: shilingi 1,250 kwa milimita. Na utalipa kufunga na balansi mara mbili zaidi, kwa sababu utarudi mapema.

La nusu bei limekuwa ghali. Kwa bei hiyo ya jipya, tairi hili la milimita 4 lingepaswa kuuzwa chini ya 2,250 ndipo lianze kuwa na maana, na hapo sijataja umri.

Mtumba unafaa wakati gani? Likiwa na milimita 6 na zaidi, umri usiozidi miaka mitano, na bei iliyopita mtihani wa milimita. Yapo. Ni machache, na hayakai dukani.

Mimi binafsi nachagua jipya la Kichina lenye jina ambalo siwezi hata kulitamka, mradi tarehe yake ni ya karibu, kuliko la jina kubwa lililozeeka. Wapo watakaobisha. Ninachokubaliana nao ni kwamba ya bei ya chini kabisa mengi hayashiki vizuri kwenye maji. Punguza mwendo mvua ikinyesha.

## Hatua ya 6: Kagua kwa mikono na macho, usiwe na haraka

Nenda asubuhi kukiwa na mwanga. Usiende saa ya magharibi kwenye kibanda chenye taa moja. Lisafishe kwa kitambaa chenye maji kwanza, kisha fuata mpangilio huu.

Tarehe. Tafuta kwenye ubavu tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023, yaani mwishoni mwa Agosti. Usipoziona upande mmoja geuza tairi, huandikwa upande mmoja tu kwa matairi mengi. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000; mwachie muuzaji alifanyie bembea.

Mpaka wangu ni miaka miwili kwa linaloitwa jipya, mitano kwa mtumba. Makampuni mengi yanasema tairi likifika miaka 10 liondolewe hata kama meno yamejaa, na kuanzia mwaka wa tano likaguliwe kila mwaka. Hapa kwetu jua na chumvi haviliongezei umri.

Tairi la theluji. Hili ndilo lililowamaliza wale watatu. Japani kuna theluji, na watu huko hufunga matairi ya baridi miezi michache kwa mwaka, kwa hiyo huja yakiwa na meno marefu mazuri. Ukiyaona unafurahi. Lakini mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye barafu, na kwenye lami ya Malindi saa nane mchana unaisha kama kifutio cha penseli.

Utalitambua hivi: limeandikwa STUDLESS, au lina mchoro wa mlima wenye ncha tatu na ua la theluji ndani. Majina kama Blizzak na iceGUARD ni ya theluji, na ni matairi mazuri sana huko kwao. Herufi ya mwendo mara nyingi ni Q badala ya S au T. Na kila jino limekatwakatwa vijimistari vyembamba vilivyopindapinda, vingi, kama mkate uliopitishwa wembe. Libonyeze kwa ukucha: ukucha ukizama kirahisi, liache.

Meno ya kuchonga. Tairi kipara huchongwa upya kwa kisu cha moto, likapakwa polishi, likaning'inizwa mbele ya duka. Mimi niliingia mtego huo. Nilikuwa narudi kutoka Marafa, saa saba mchana, gari likaanza kuvuta kushoto, halafu mlio. Nilipolivua na kupitisha kidole ndani ya mfereji, kidole kilikwaruzwa na waya. Aliyechonga alikuwa amefika kwenye nyuzi za chuma, na mimi nilikuwa nimelipia kina hicho nikidhani ni upya.

Dalili zake: sakafu ya mfereji si laini, ina michirizi ya kisu, mifereji hailingani upana, na vile vivimbe vya milimita 1.6 havipo, kwa sababu kisu kilipita navyo. Usipoviona hata kimoja, usiulize bei.

Ubavu. Zungusha tairi polepole ukilibonyeza. Nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka ni uzee. Nundu, hata ndogo kama nusu ya limau, ni nyuzi zilizokatika ndani. Litapasuka, suala ni lini. Kiraka cha ubavuni hakuna anayeweza kukitengeneza kikawa salama, hata fundi wako unayempenda.

Ndani. Wengi hawaangalii. Panua kingo, mulika tochi. Kiraka kimoja safi katikati ya uso ni sawa. Ukiona pete ya mkwaruzo ikizunguka ndani ya ubavu, au unga mweusi wa mpira, tairi hilo lilitembezwa bila upepo. Nje litang'aa, ndani limeshasagika.

Maandishi ya joto. Mengi yana maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Kwa hapa kwetu angalia la mwisho: A ndiyo inayostahimili joto zaidi, kisha B, kisha C. Namba ya TREADWEAR ikiwa kubwa tairi linadumu zaidi, lakini linganisha matairi ya kampuni moja tu. Kila kampuni hujipa namba zake.

Limefaulu lile ambalo baada ya yote haya huna neno la kulisema. Litie chaki.

## Hatua ya 7: Lipa kwa namna inayoacha alama

Lipa kwenye namba ya til ya duka, usilipe kwenye simu ya kijana aliyekuhudumia. Jina linalotokea kwenye skrini lifanane na la duka kabla hujaweka siri. Ukikosea namba, tuma ujumbe wa M-Pesa uleule kwenda 456 mara moja, usingoje jioni.

Risiti iandikwe saizi, zile tarakimu nne, na makubaliano ya kubadilisha kama balansi itakataa. Tairi lililopinda halionekani kwa macho. Hujulikana kwenye mashine. Muuzaji asiyetaka kuandika tarehe ya tairi kwenye risiti anajua kwa nini hataki.

## Hatua ya 8: Simama karibu wakati wa kufunga

Usiende kunywa chai.

Rimu kwanza. Hewa ya bahari hula rimu za chuma pale ukingo wa tairi unapobana. Kutu hiyo ndiyo inayokufanya ujaze upepo kila wiki ukisema una pancha isiyoonekana. Fundi asugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe laini. Dakika tano kwa rimu, lakini usipomwambia hatasugua.

Sabuni, si oili. Ukingo wa tairi ulainishwe kwa maji ya sabuni. Oili chafu na grisi hula mpira, na tairi huweza kuteleza juu ya rimu ukipiga breki.

Valvu mpya. Ni mpira nayo, na imekaa juani muda uleule na tairi uliloling'oa.

Bila tyubu. Ukiambiwa "tuweke tyubu ndani, mambo ya pancha yaishe," kataa. Tairi lisilo la tyubu likitobolewa hupoteza upepo taratibu, unapata muda wa kuegesha. Ukitia tyubu, msuguano unaongeza joto, na msumari ukiingia upepo wote unatoka kwa pigo moja.

Upande. Lenye mshale na neno ROTATION lizunguke kufuata mshale. Lenye OUTSIDE, neno hilo litazame nje. Angalia yote mawili kabla gari halijashushwa.

Balansi kwa mashine, kila tairi. Kisha nati: zianze kwa mkono, zikazwe kwa kurukia upande wa pili, si kwa kuzunguka, na mkazo wa mwisho ufanywe gari likiwa chini. Bunduki ya upepo ikikaza mpaka mwisho, siku ya pancha kule Langobaya utaruka juu ya spana mpaka nyayo zikuume.

Upepo. Stika ikiandika 220 kPa, gawanya kwa 6.9: ni 32 kwenye kipimo cha kawaida cha PSI. Mafundi wengine hutia 40 kwa kila gari kwa mazoea. Mwambie namba yako, kisha upime kwa kipimo chako.

Tembea barabara laini, mwendo wa 80. Usukani haupaswi kutetemeka, na ukiulegeza kidogo mahali palipo tambarare gari liendelee kunyooka. Ukitetemeka ni balansi. Likivuta upande, kafanye alaimenti, ambayo ulipaswa kuifanya hata hivyo.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pima upepo baada ya siku tatu, asubuhi kabla gari halijatoka. Ukipima umetoka Mambrui, tairi ni la moto na upepo umepanda wenyewe. Ukiupunguza, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango. Kushuka kwa pointi mbili au zaidi ndani ya siku tatu si kawaida. Paka povu la sabuni kwenye valvu na ukingo wa rimu, uone panapochemka.

Kama ulifunga mapya yote manne, kila kilomita 8,000 hivi badilisha ya mbele na ya nyuma ili yaishe sawasawa.

Ukiwa hapohapo, toa spea. Kama ni lile dogo jembamba, upepo wake ni 60, si 32, na mwendo wake usizidi 80. Nimekutana na madereva wengi ambao hawajaligusa tangu waliponunua gari. Passo ya shemeji lake lilikuwa na 11.

Na yale makuukuu usiyaache uani. Mvua moja tu, yamejaa maji, mbu wamehamia. Bora kati ya hayo, likiwa na meno na halina nundu, lifanye spea kama saizi inaingia. Mengine mpe fundi wa akala, au mabaharia wanaoning'iniza matairi ubavuni mwa mashua. Lakini kabla hujampa mtu yeyote, hakikisha tairi la kipara halirudi kwa mwenye kisu cha moto: lichome ubavuni kwa bisibisi, tundu moja tu linatosha.